Nyota Mapacha: Kurwa na Doto

1. Anga la Mikumi usiku

Mji wa Kilosa u kando ya Mto Mkondoa, chini ya milima, mahali ambapo Reli ya Kati itokayo Dar es Salaam huacha nchi tambarare na kuanza kupanda kwenda Dodoma. Kusini ya Kilosa, kwa mstari ulionyoka, kilometa zipatazo 60, ni Mikumi, penye mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka 1964. Mchana watu hutazama milima na wanyama. Lakini usiku wa kiangazi, mwezi usipokuwapo, cha kutazama ni nyota. Huko mbugani hakuna taa za mji, na anga huwa jeusi kama tako la chungu, nalo limejaa nyota pande zote.

Wazee wa zamani walizijua nyota kwa faida zao. Wakulima walitazama Kilimia wapate kujua majira ya kulima, na manahodha wa pwani walizifuata nyota katika safari zao. Mwezi wa Mei, yapata saa tatu na nusu za usiku, mtu akisimama Mikumi kuelekea kusini ataona nyota nne zilizokaa mfano wa msalaba uliosimama wima. Huo ndio Msalaba wa Kusini. Na aunyoshe mkono wake, akunje ngumi, apime upana wa ngumi moja hivi upande wa kuume wa msalaba. Hapo jicho halioni kitu cha ajabu. Walakini mahali hapo pana nyota mbili zizungukanazo, na moja katika hizo ni maiti ya nyota. Wataalamu huziita Centaurus X-3.

Maiti hiyo haikutulia. Yazunguka upesi, nayo yazidi kuongeza mbio. Je, kitu kilichokufa chapataje nguvu mpya? Jawabu lilianza kujulikana kwa chombo kilichorushwa kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki.

2. Kuzaliwa kwa mapacha

Jua letu ni nyota, nalo limezaliwa peke yake. Lakini nyota nyingi hazikuzaliwa hivyo. Katika wingu moja la gesi hutokea nyota mbili, na tangu siku hiyo kila moja humzunguka mwenzake, kwa kuwa zavutana. Wazazi wakipata mapacha, wa kwanza huitwa Kurwa na wa pili Doto. Basi katika somo hili nyota iliyo kubwa na iitwe Kurwa, na iliyo ndogo iitwe Doto.

Mtu aweza kudhani kwamba Kurwa, kwa kuwa ana gesi nyingi, ataishi zaidi. Sivyo. Taa yenye utambi mkubwa humaliza mafuta upesi kuliko taa yenye utambi mdogo, hata ikiwa chupa yake ni kubwa. Ndivyo zilivyo nyota. Jua litang'aa kwa muda wa miaka yapata milioni elfu kumi, nalo sasa limefika karibu na nusu ya umri wake. Lakini nyota yenye gesi mara kumi ya gesi ya jua humaliza chakula chake kwa miaka milioni makumi machache tu.

Siku Kurwa anapokwisha chakula chake, hana tena moto wa kuzuia uzito wake mwenyewe. Moyo wake huanguka ndani kwa nukta moja, na gesi ya nje hurushwa mbali kwa mlipuko mkubwa. Mlipuko wa namna hii huitwa supanova. Mwaka 1054 watu wa China waliona mmoja, wakauandika katika vitabu vyao: nyota mpya ilionekana hata mchana kwa muda wa siku 23.

Kinachobaki ni moyo wa Kurwa, nao huitwa nyota ya nyutroni. Moyo huo una uzito kupita uzito wa jua zima, walakini upana wake hauzidi sana kilometa 20. Nyota mbili za namna hiyo zikiwekwa bega kwa bega katikati ya Kilosa na Mikumi, nafasi ingebaki. Kijiko kimoja cha chai cha vitu vyake kingekuwa na uzito wa tani zaidi ya milioni elfu.

Tena moyo huo huzunguka upesi mno. Mchezaji wa ngoma akizunguka hali amenyosha mikono, kisha akaikunja kifuani, huongeza mbio pasipo kusukumwa na mtu. Vivyo hivyo nyota iliyokuwa kubwa ikikunjamana hata kuwa ndogo, mbio zake huongezeka. Ile iliyobaki katika mlipuko wa mwaka 1054 huzunguka mara 30 kwa sekunde moja.

3. Nyota ipigayo

Mwaka 1934 wataalamu wawili, Walter Baade na Fritz Zwicky, walisema kwamba nyota za nyutroni zaweza kuwapo. Watu wengi hawakushughulika nazo, kwa kuwa hakuna aliyeona jinsi ya kuziona. Ikapita miaka zaidi ya 30.

Mwaka 1967 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, jina lake Jocelyn Bell, alikuwa akisoma karatasi ndefu zilizochorwa na chombo cha kupokea mawimbi ya redio kutoka mbinguni. Kila siku zilikuja meta nyingi za karatasi, naye alizipitia kwa macho yake. Akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Hakuipuuza. Mwezi wa Novemba mwaka ule aliona yakini kwamba alama ile ni mapigo, pigo moja kila baada ya sekunde 1.34, bila kukosa. Yeye na mwalimu wake, Antony Hewish, walijiuliza kwa muda kama labda ni ishara za viumbe wenye akili. Lakini Bell akapata mapigo mengine yatokayo upande mwingine kabisa wa anga, ikajulikana kuwa ni kazi ya nyota.

Nyota hizo zikaitwa pulsa. Mfano wake ni huu. Mlinzi akisimama gizani katika stesheni ya Kilosa, akajizungusha hali ameshika kurunzi inayowaka, mtu aliye mbali haoni mwanga wakati wote. Huona mmweko kila mara kurunzi inapomwelekea. Nyota ya nyutroni ina nguvu kubwa ya sumaku, nayo hutoa miali kwenye ncha za sumaku hiyo. Inapozunguka, miali hupita mbele ya dunia, na watu hupokea pigo.

Mwaka 1974 Hewish alipewa Tuzo ya Nobel, lakini Bell hakupewa, na wengi walinung'unika kwa ajili yake. Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola milioni tatu. Akazitoa zote ziwasomeshe vijana ambao kwa kawaida hawapati nafasi katika elimu hiyo.

Sasa pana jambo la kukumbuka. Watoto wanajua mchezo wa pia. Pia ikisha kurushwa huzunguka vizuri, kisha mbio hupungua kidogo kidogo, hata ianguke. Pulsa iliyo peke yake ni kama pia hiyo. Nguvu zake hutoka pamoja na miali, mbio hupungua, na baada ya miaka milioni nyingi hunyamaza, isisikike tena. Lakini watoto wanajua pia jambo la pili: pia iliyochoka ikichapwa kwa kamba, huamka ikazunguka upya. Nani awezaye kuichapa nyota?

4. Chombo kilichoitwa Uhuru

Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi nchini Kenya, Waitalia walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, mfano wa meza kubwa zenye miguu ndani ya maji. Mahali hapo paliitwa San Marco, na aliyeongoza kazi hiyo alikuwa mhandisi Luigi Broglio. Waliichagua pwani hiyo kwa sababu i karibu na ikweta. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa mwendo wa kilometa zaidi ya 1,600 kwa saa, na roketi irukayo kuelekea mashariki hupata msaada wa mwendo huo, kama mtu arukaye kutoka gari linalokwenda.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka kutoka San Marco ikichukua chombo cha Wamarekani chenye uzito wa kilo 140 hivi. Siku ile Kenya ilikuwa ikisherehekea mwaka wa saba wa uhuru wake. Kwa hiyo Marjorie Townsend, mama aliyesimamia kazi ya chombo hicho, alikiita Uhuru. Hivyo chombo cha kwanza ulimwenguni kilichorushwa kwa kazi moja tu ya kutafuta miali ya eksirei mbinguni kilipewa jina la Kiswahili.

Eksirei ni ile miali itumiwayo hospitalini kupiga picha za mifupa. Baadhi ya nyota huitoa kwa wingi, lakini hewa ya dunia huizuia isifike chini. Mtu akikaa juu ya kilele cha mlima mrefu haipati. Hana budi kupeleka chombo juu ya hewa. Uhuru kilikuwa juu kilometa zaidi ya 500, kikizunguka dunia karibu na ikweta kwa muda wa saa moja na nusu na zaidi kidogo. Kila mara kilipita upande wa kaskazini wa anga la Kilosa, na mara nyingi kwa siku moja, watu walipokuwa mashambani na garini bila habari yoyote.

Kilifanya kazi hata mwezi wa Machi 1973, na mwaka 1979 kikaanguka kikaungua hewani. Orodha ya mwisho iliyotengenezwa kwa kazi yake ina mahali 339 mbinguni patoapo eksirei. Na mmojawapo ndio ule ulio kando ya Msalaba wa Kusini.

5. Honi ya gari moshi

Mwaka 1971 Riccardo Giacconi na wenzake waliokuwa wakisoma habari za Uhuru waliona kwamba Centaurus X-3 hupiga mapigo ya eksirei, pigo moja kwa kila sekunde 4.84. Wakayapima tena na tena, wakaona mambo mawili ya ajabu.

Jambo la kwanza, mapigo hayakuja sawasawa. Kwa muda yalikaribiana, kisha yakaachana, kisha yakakaribiana tena. Tofauti ilikuwa ndogo sana, haikufika hata sehemu moja ya mia ya sekunde, lakini ilirudi kwa utaratibu kila baada ya saa 50, yaani siku mbili na saa mbili.

Kila mtu wa Kilosa anaweza kulifahamu jambo hili kwa masikio yake. Gari moshi likija huku linapiga honi, sauti husikika nyembamba. Likisha kupita na kwenda zake, honi ile ile husikika nene. Honi haikubadilika, kilichobadilika ni kwamba mawimbi ya sauti ya kitu kijacho husongamana, na ya kitu kiendacho huachana. Basi mapigo ya Centaurus X-3 yalipokaribiana, nyota ilikuwa ikija upande wa dunia; yalipoachana, ilikuwa ikienda. Ilikuwa inazunguka kitu kingine, tena kwa mwendo wa kilometa 400 na zaidi kwa sekunde.

Jambo la pili, katika kila saa 50 mapigo yalipotea kabisa kwa muda wa karibu nusu siku, kisha yakarudi. Ilikuwa kama mtu mwenye taa azungukaye nyumba: akiwa nyuma ya nyumba taa haionekani. Kwa hiyo walijua kwamba pana mwenzake, naye ni mkubwa mno. Mwaka 1974 nyota yenyewe ilipatikana kwa darubini. Ni nyota kubwa yenye uzito yapata mara 20 ya jua.

Kwa namna hii ilithibitika kwamba maiti ya Kurwa yaweza kubaki pamoja na Doto aliye hai.

6. Haba na haba hujaza kibaba

Kabla ya kuendelea yafaa kuuliza: mbona mlipuko wa Kurwa haukuwatenga? Kwa kweli mara nyingi huwatenga. Kurwa akipoteza ghafula zaidi ya nusu ya uzito wa nyota zote mbili pamoja, nguvu ya kuvutana haitoshi tena, na kila mmoja hwenda njia yake. Ndiyo sababu pulsa nyingi ziko peke yake. Lakini mara nyingine Kurwa, kabla ya kufa, huvimba na kumwagia Doto sehemu kubwa ya gesi yake. Hapo Doto huwa ndiye mzito, na Kurwa akilipuka hana kingi cha kupoteza. Wenzi hawa hubaki pamoja.

Sasa zamu ni ya Doto. Naye huzeeka, huvimba, na gesi yake huanza kumwagika upande wa maiti ya ndugu yake. Gesi haianguki moja kwa moja. Huzunguka kwanza kama maji ya Mkondoa yanavyozunguka penye kizingia, ikifanya duara pana, kisha hushuka kidogo kidogo. Inapoanguka juu ya nyota ya nyutroni huwa na joto la digrii milioni nyingi. Joto hilo ndilo litoalo eksirei zilizoonwa na Uhuru.

Tena gesi ile huja ikizunguka, na kila ikianguka huisukuma nyota kwa upande ule ule. Hiyo ndiyo kamba iichapayo pia. Msukumo wa siku moja si kitu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Centaurus X-3 yenyewe ni shahidi. Mwaka 1971 muda wa pigo ulikuwa sekunde 4.84. Miaka iliyofuata uliendelea kupungua, hata ukafika karibu sekunde 4.80. Maiti inaongeza mbio, na watu wameipima.

7. Doto aliye mdogo

Mwisho wa mambo haya hutegemea ukubwa wa Doto. Akiwa mdogo, kama jua au pungufu, huishi sana na kumwaga gesi yake polepole kwa miaka milioni mia nyingi. Kurwa hupata nafasi ndefu ya kuchapwa. Mwaka 1982 ilionekana pulsa izungukayo mara 642 kwa sekunde, na mwaka 2004 ikaonekana nyingine izungukayo mara 716. Mbu hulia karibu na sikio kwa kuwa mbawa zake hupiga mara mia kadhaa kwa sekunde. Nyota hizo, zilizo nzito kuliko jua, huzunguka upesi kama mbawa za mbu.

Hapo kwanza wataalamu wengine walisita kuamini kwamba mbio hizo zimetokana na gesi ya mwenzi. Mwaka 1998 shaka ilipungua sana, kwa maana ilipatikana nyota ya nyutroni inayomezeshwa gesi wakati ule ule huku ikizunguka mara 401 kwa sekunde. Mwaka 2013 ikaonekana nyingine iliyojulikana kwanza kwa mawimbi ya redio. Ikaanza kumeza gesi na kutoa eksirei, kisha baada ya majuma machache ikarudia redio. Ikawa kama kumkuta mtu mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Na Doto je? Mara nyingi akisha kumwaga gesi yake hubaki moyo wake tu, nyota ndogo nyeupe ipoayo polepole. Lakini wako wanaopatwa na neno baya zaidi. Mwaka 1988 ilionekana pulsa inayomchoma mwenzake kwa miali yake, hata gesi inamtoka na kupeperuka kama moshi. Doto huyo amekwisha kuwa mdogo kabisa, na mapigo ya Kurwa hukatika kila Doto apitapo mbele yake na wingu lake la gesi. Aliyemwamsha ndugu yake sasa aliwa naye. Ile pulsa ya mwaka 1982 haina mwenzi, na yamkini hivyo ndivyo ilivyompoteza.

8. Doto aliye mkubwa

Doto akiwa mkubwa, mambo huwa mengine. Haishi sana, kwa hiyo Kurwa huchapwa kwa muda mfupi na hapati mbio kubwa mno. Kisha Doto naye hulipuka. Mara nyingi mlipuko huu wa pili huwatenga. Wakisalimika, hubaki maiti mbili zizungukanazo.

Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor, wakitumia antena kubwa ya Arecibo katika kisiwa cha Puerto Rico, walipata nyota za namna hiyo kwa mara ya kwanza. (Antena hiyo ilianguka mwaka 2020.) Kurwa huyo huzunguka mara 17 kwa sekunde, na huimaliza njia ya kumzunguka mwenzake kwa saa 7 na dakika 45. Walipozipima mwaka baada ya mwaka, waliona kwamba zinakaribiana, yapata meta tatu na nusu kila mwaka. Albert Einstein alikuwa amesema kwamba vitu vizito vizungukanavyo hupoteza nguvu kwa mawimbi ya uvutano, na hesabu yake ililingana na vipimo hivyo. Hulse na Taylor wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Mwaka 2003, kwa antena ya Parkes nchini Australia, zikapatikana pulsa mbili zizungukanazo ambazo zote mbili zilisikika. Moja huzunguka mara 44 kwa sekunde. Ya pili huchukua sekunde 2.77 kuzunguka mara moja tu. Mwanafunzi aliyefuata somo hili ataweza kuzitambua. Ya upesi ni Kurwa, aliyekufa kwanza kisha akachapwa na gesi ya Doto. Ya polepole ni Doto, aliyekufa baadaye. Naye hakuwa na ndugu aliye hai wa kumwamsha. Hivyo nyota mbili peke yake zilieleza habari yote ya maisha yao.

Nyota hizo zitagongana baada ya miaka yapata milioni 85. Lakini nyingine, zilizo mbali, zimekwisha kugongana. Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya Marekani na Italia vilipokea mawimbi ya uvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana mahali ambapo nuru yake huchukua miaka milioni 130 kufika duniani. Darubini za nchi nyingi zikaelekezwa huko, zikaona moto ukipoa na dalili za madini mazito yaliyoumbwa katika mgongano ule. Wataalamu huona kwamba sehemu ya dhahabu ya dunia, ile ya Geita nayo, huenda ilitoka katika migongano ya namna hiyo, iliyokuwapo kabla ya jua na dunia.

9. Kazi inayoendelea

Jukwaa la San Marco lilirusha roketi yake ya mwisho mwaka 1988. Kazi ya kutafuta nyota mapacha haikukoma barani Afrika. Katika nchi kavu ya Karoo, Afrika ya Kusini, ziko antena 64 ziitwazo MeerKAT, zilizofunguliwa mwaka 2018, nazo zimepata pulsa nyingi mpya.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kurwa alivunjika, na kazi yake ikaendelea kwa mali ya ndugu yake. Lakini watu wasingalijua neno lolote la habari hii kama Jocelyn Bell angaliipuuza alama ndogo katika karatasi, au kama wale waliopima mapigo ya Uhuru wangaliona kwamba tofauti ya sehemu chini ya moja ya mia ya sekunde haidhuru kitu. Mtu akisimama Mikumi mwezi wa Mei, akaupima upana wa ngumi kando ya Msalaba wa Kusini, bado ataona giza tu. Na katika giza hilo pia inachapwa.

Maswali

1. Kwa nini Kurwa, aliye mkubwa, hufa kabla ya Doto?
2. Elezeni kwa nini chombo cha kutafuta eksirei hakina budi kupelekwa juu ya hewa.
3. Kwa nini pwani ya Malindi ilifaa kurushia roketi?
4. Sikilizeni honi ya gari moshi au ya gari kubwa likipita barabarani Mikumi. Andikeni jinsi sauti inavyobadilika, kisha elezeni jambo hilo lahusianaje na Centaurus X-3.
5. Kati ya pulsa mbili za mwaka 2003, ni ipi iliyokufa kwanza? Toeni sababu.
6. Pulsa izungukayo mara 642 kwa sekunde huzunguka mara ngapi kwa dakika moja?